Jino la Pembe

Damu ilianza kidogo, kama wino mwekundu
uliokosa pa kusahihisha:
doa kwenye mswaki, kisha maji ya sinki yakalichukua.
Nikasema mswaki ni mgumu. Nikanunua laini.
Nikasema ni joto la Februari.
Na asubuhi zote hizo, darasani Kaloleni,
niliandika ubaoni kwa mwandiko wa kunyooka:
Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jino lenyewe halikuniaga.
Lilibaki kwenye hindi la kuchoma, kando ya Jogoo Road,
limekaa kati ya punje kama mwenyeji,
refu kuliko nilivyolidhania,
mzizi wake wa kahawia kama njiti iliyokwisha kuwaka.
Halikuuma. Hilo ndilo lililonitisha.
Mwuzaji akaniuliza kama pilipili imezidi.

La pili lilifuata Pasaka,
na hapo sauti ikaanza kunitoroka.
Mbele ya Gredi ya Pili, "sisimizi" ikatoka "thithimithi",
na darasa zima, kwa utiifu, likaitikia:
thithimithi.
Hawakucheka.
Waliandika hivyo.

Daktari Jerotich, ghorofa ya tatu, Ngara,
juu ya duka la vitambaa,
alipima fizi zangu kwa kijiti chenye alama za milimita
akimsomea msaidizi: "Tatu. Tano. Saba. Sita. Saba."
Mimi, mwalimu, nikafarijika. Saba kwa kumi si haba.
"Hapa, Mwalimu," akasema, "tunaomba mbili."

Nilitaka meno tu. Aniwekee, niende.
Akanionyesha picha: mfupa umeliwa
jinsi mvua inavyokula kingo za Mto Ngong.
"Nani hupigilia nguzo kwenye tope?"

Basi kwanza, tope.
Miezi minne ya kukwanguliwa ukoga chini ya ufizi,
robo ya kinywa leo, robo wiki ijayo,
ganzi ikinidondosha mate kwenye kola,
na uzi kati ya meno kila usiku
hadi Musembi akaniuliza kama ninashona.
Usiku niliotema povu jeupe, jeupe kabisa,
nilimwita aje aone.
Akaja. Tukasimama wawili tukilitazama sinki.

Pesa zilitoka chamani, zamu yangu,
zile za paa la jiko la mama kule Masii.
Mama akasema: paa litangoja, mdomo unakula leo.

Parafujo ya titani ni ndogo kuliko kifuniko cha biki.
Alipoikaza niliisikia fuvuni,
si kama maumivu, ila kama jirani wa juu
anayehamisha kabati.
Kisha kungoja. Mfupa huikumbatia wenyewe, alisema,
na mfupa hauna haraka za Nairobi.
Juni. Julai. Uji, viazi vya kuponda,
baridi ikipita penye pengo bila kubisha hodi.

Siku ya kuchagua rangi
alinipangia meno kama vifungo vya dukani.
Nikanyoosha kidole kwenye jeupe la matangazo.
Akalisogeza kando, akachukua lile la chai ya maziwa.
"Lako ni hili."

Wiki hii ni methali tena, Gredi ya Sita.
Nimeandika: Jino la pembe si dawa ya pengo.
Miaka ishirini na miwili nimeifafanua bila kusita,
cha kuazima hakikai mahali pa cha kuzaliwa nacho,
toeni mfano, tungeni kisa.
Leo chaki imesimama.
Otiato, ambaye mdogo wake bado ana thithimithi daftarini,
ameinua mkono kutoka dawati la nyuma:
"Mwalimu, na likiwa la chuma?"

Sijamjibu bado.
Ulimi wangu, kwa mazoea, huenda pale kila saa
kutafuta mlango,
na hukuta ukuta.